Uzi: Mikunde na magugu vimelea – mmea usio na gugu chini yake si lazima uwe mkinzani

#1 – MziziMrefu (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Mijadala mingi kuhusu uboreshaji wa mikunde dhidi ya magugu vimelea huishia kwenye swali la jeni ipi inatafutwa na itapatikana wapi. Mimi naona kinachotukwamisha zaidi ni upimaji, wala si uhaba wa jeni. Mmea unaweza kukomaa shambani bila gugu hata moja kujitokeza chini yake, ukaandikwa kwenye daftari kuwa ni mkinzani, kumbe hauna chochote cha kurithisha kwa kizazi kinachofuata.

Nianze na wahusika. Wote ninaowazungumzia ni wa familia ya Orobanchaceae. Orobanke, hasa ile iitwayo Orobanche crenata, hushambulia maharagwe ya fava, njegere, adesi na dengu katika nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania na Asia ya Magharibi. Haina klorofili kabisa, kwa hiyo kila inachokula hutoka kwa mwenyeji wake, yaani mmea inaounyonya. Kiduha cha kunde, Striga gesnerioides, kinatesa maeneo makavu ya Afrika Magharibi na Afrika ya Kati, nacho kisichanganywe na viduha vya mahindi na mtama. (Inashangaza kidogo kwamba kunde huziamsha mbegu za kiduha cha nafaka zikaota na kufa bila kupata wa kumnyonya, na bado kunde hiyohiyo haijiokoi na kiduha chake yenyewe.) Alektra, Alectra vogelii, yenye maua ya manjano, inajulikana sana mashariki na kusini mwa Afrika, na huvamia kunde, karanga, njugu mawe na soya.

Mbegu za orobanke ni kama vumbi, zikiwa na urefu wa takriban robo ya milimita. Mmea mmoja mkubwa unaweza kumwaga mamia ya maelfu ya mbegu, na zikiingia ardhini huweza kubaki hai kwa zaidi ya miaka 10. Mbegu hiyo haioti kwa kupata maji pekee. Ni lazima kwanza ikae kwenye unyevu na joto linaloifaa kwa siku kadhaa, kisha ifikiwe na kemikali inayotoka kwenye mzizi ulio karibu, na kemikali zinazofahamika zaidi ni za kundi la strigolaktoni. Hapo hutoa kijimzizi cha milimita chache tu, ambacho kisipougusa mzizi wa mwenyeji mapema huishiwa na akiba na kufa. Kikiugusa, hujishikiza, hupenya tabaka za nje, huungana na mishipa ya maji na chakula, kisha huvimba na kuwa kinundu. Wiki kadhaa hupita kabla shina halijachomoza juu ya udongo, na hadi wakati huo sehemu kubwa ya hasara imekwisha kutokea.

Sasa sisi tunahesabu mashina yaliyochomoza. Idadi ikiwa ndogo, sababu zinaweza kuwa nyingi: pengine mbegu za gugu hazikuwapo sehemu ile ya shamba, kwa maana husambaa kwa mabaka, pengine zao lilikomaa mapema likamaliza maisha yake kabla gugu halijapata nguvu, pengine lilikuwa na mizizi michache, hivyo likakutana na mbegu chache. Ipo pia ile inayowapotosha wengi, nayo ni udhaifu. Mmea uliodumaa hauwezi kulisha wageni wengi, kwa hiyo anayechagua kwa kuhesabu mashina peke yake anaweza kujikuta anachagua udumavu msimu baada ya msimu.

Ukinzani wenyewe una ngazi zaidi ya moja. Ngazi ya kwanza ni mzizi kutoa kemikali kidogo ya kuamsha mbegu, au kutoa ya aina isiyoziamsha vizuri. Ya pili ni kizuizi cha kupenya: seli za gamba la mzizi hukaza kuta zake kwa kaloza na suberini, au tabaka la ndani linalozunguka mishipa hujaa lignini, na mvamizi hukwama hapo. Ya tatu hutokea baada ya muungano, ambapo mishipa huzibwa kwa ute, au seli zilizo karibu na mvamizi hufa kwa makusudi zikamwacha bila pa kunyonya. Ngazi hizi hurithiwa tofauti, na jicho lililo juu ya udongo haliwezi kuzitenganisha.

Mfano wa fava unatosha kuonyesha ugumu huu. Chanzo kilichotumiwa sana ni Giza 402, aina iliyochaguliwa Misri, ambayo damu yake imeingia katika mistari mingi (koo za mbegu zinazoendelezwa na watafiti) ya nchi nyingine. Ukinzani wake hautokani na jeni moja kubwa, bali na jeni nyingi zenye mchango mdogomdogo. Mwaka 2002 kazi iliyofanyika Hispania ilionyesha maeneo matatu ya jenomu (jumla ya vinasaba) ya fava yanayohusiana na ukinzani dhidi ya Orobanche crenata, yakaitwa Oc1, Oc2 na Oc3, na Oc1 ndilo lililoonekana kuwa na mchango mkubwa kuliko mengine. Uzao huo ulipojirutubisha kwa vizazi kadhaa hadi sifa zake zikatulia, kisha ukapimwa upya katika mazingira mbalimbali, Oc2 na Oc3 yalijitokeza tena, Oc1 halikuonekana, na maeneo mapya mawili, Oc4 na Oc5, yakaonekana kila moja kwenye shamba moja tu. Kama mtu angeanza kazi ya kuchagua kwa alama za vinasaba, yaani kusoma vinasaba vya mche badala ya kusubiri gugu, akiitegemea Oc1, angekuwa amejenga juu ya mchanga.

Ningependa kusikia maoni, hasa ya wale wanaofanya kazi ya kuchuja mistari.

#2 – MpandaMseto

Mleta uzi, nakushukuru kwa maelezo marefu, lakini naomba kupinga kidogo. Kwa nini nguvu zote hizi zipelekwe kwenye mbegu wakati kuna kilimo cha mzunguko, kuchelewesha upanzi, kung'oa kwa mkono na dawa? Nimesoma kwamba fava hunyunyiziwa glaifoseti kwa kipimo kidogo sana na orobanke hufa. Je, kazi ya mbegu si ya gharama kubwa kwa faida ndogo?

#3 – MziziMrefu

Ndugu MpandaMseto, hizo zote ni mbinu halali na hakuna mbegu itakayoziondolea umuhimu. Tazama hata hivyo mipaka yake. Kilimo cha mzunguko kinapambana na mbegu zinazoweza kusubiri kwa zaidi ya miaka 10, na wakulima wachache mno wanaweza kuliacha zao lao kwa muda huo. Kung'oa kunakuja wakati mwenyeji amekwisha kunyonywa, ingawa kunasaidia kuzuia mbegu mpya zisirudi ardhini. Kuchelewesha upanzi hupunguza maambukizi ya orobanke, lakini katika maeneo yanayotegemea mvua za majira ya baridi huondoa pia wiki ambazo zao lingezitumia kujaza maganda. Glaifoseti kwa kipimo kidogo hufanya kazi kwenye fava kwa sababu zao hilo hulivumilia kiasi. Njegere na adesi huumia kwa urahisi zaidi, na muda wa kunyunyiza ni mwembamba.

Kuna pia mistari ya adesi, dengu na fava iliyochaguliwa ili istahimili dawa za kundi la imidazolinoni. Hiyo ni kazi ya mbegu vilevile, na naiheshimu, ila isiitwe ukinzani dhidi ya kimelea. Mmea ule unajikinga na dawa tu. Dawa isiponyunyizwa, orobanke inauvamia kama kawaida.

#4 – Hadubini

Salaam kwenu. Ninafanya kazi ya maabara katika eneo hili, naomba niongeze juu ya suala la kutenganisha ngazi, kwa sababu ndilo linalochukua muda wetu mwingi.

Tunatumia kisahani kipana chenye tabaka la sufu ya mwamba iliyoloweshwa maji ya virutubisho, juu yake karatasi ya nyuzi za kioo, na juu ya karatasi mche mchanga wa kunde au fava, shina lake likitokezea kwenye tundu la ukingo. Mizizi hutambaa juu ya karatasi badala ya kuzama, kwa hiyo yote inaonekana. Mbegu za kimelea, zikiwa zimesafishwa na kuloweshwa kwa siku 10 hadi 14 kwenye joto linalozifaa, husambazwa kandokando ya mizizi. Kisahani hufunikwa gizani na kuwekwa wima, ili mizizi ikue kuelekea chini.

Baada ya hapo huhitaji kukisia. Mbegu zikibaki zimelala ilhali zile za kundi la ulinganisho zilizotiwa GR24, ambayo ni strigolaktoni iliyotengenezwa maabara, zimeota vizuri, unajua tatizo si ubovu wa mbegu bali ukimya wa mzizi. Mbegu zikiota na vijimzizi vikafika, kisha kwenye ncha ya kila kijimzizi kukatokea doa la kahawia upande wa mwenyeji, upo kwenye kizuizi cha kupenya au kifo cha seli. Tunakata kipande hicho, tunakitia rangi, na chini ya hadubini tunaona kama mvamizi amesimama kwenye gamba au amefika kwenye tabaka linalozunguka mishipa. Kwenye baadhi ya kunde tumeona jambo la tatu: vinundu vinaanza, vinafikia ukubwa wa kichwa cha pini, halafu vinakuwa vyeusi na havitoi shina.

Shambani, mistari hii mitatu ingeandikwa sifuri, sifuri na sifuri.

#5 – MziziMrefu

Dada Hadubini, umenisaidia kuliko nilivyotarajia. Hiyo sifuri ya tatu ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwa sababu vinundu vinavyokufa vimekwisha kunyonya kiasi fulani, na mavuno yanaweza kushuka hata pale ambapo daftari linasema hakuna gugu.

#6 – PunjeMoja

Naomba kuuliza kuhusu kunde. Inasemekana kunde imefanikiwa mapema kuliko fava na njegere. Je, ni kwa sababu watafiti wake walikuwa na bahati ya kupata chanzo kizuri, au zao lenyewe ni rahisi? Na je, ukinzani huo unadumu?

#7 – MziziMrefu

Ndugu PunjeMoja, yote mawili ni kweli. Bahati ilikuwa B301, kunde ya asili kutoka Botswana, ambayo ilionekana kukinzana na kiduha pamoja na alektra. Kama mbegu ya kula haikuwa na mvuto, kwa kuwa punje zake ni ndogo, kwa hiyo watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, walilazimika kuikutanisha na mistari mizuri na kuchagua kwa vizazi kadhaa ili wabaki na ukinzani huku wakirudisha ukubwa wa punje na mavuno. Katika matunda ya programu ile ya kunde kuna IT97K-499-35, inayokinzana na kiduha, ambayo Nigeria iliidhinisha mwaka 2008 kwa jina la SAMPEA 10.

Urahisi unatokana na jinsi ukinzani unavyorithiwa. Tofauti na fava, hapa tuna jeni moja moja zenye nguvu na zinazotawala, kiasi kwamba kwenye kizazi cha pili cha chotara unaona karibu mimea mitatu mikinzani kwa mmoja unaoshambuliwa. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba jeni moja ya B301, waliyoiita RSG3-301, hutengeneza protini ya kundi lile lile linalotambua wavamizi katika magonjwa ya kuvu na bakteria. Walipoinyamazisha, B301 ikashambuliwa na mbari ya kiduha ambayo kabla ya hapo haikuweza kuigusa. Hilo lilifungua njia ya kuchagua kwa alama za vinasaba zilizo karibu na jeni, hata kabla mche haujawekwa kwenye udongo wenye kiduha.

Ukubwa wa jenomu nao una sehemu yake. Jenomu ya kunde ina takriban jozi milioni 640 za besi, na ramani yake kamili, iliyotokana na hiyo hiyo IT97K-499-35, ilichapishwa mwaka 2019. Ya fava inafikia bilioni 13 hivi, na ilisubiri hadi mwaka 2023. Anayetafuta jeni kwenye fava anafukua mlima ambao kwenye kunde ni kichuguu.

Kuhusu kudumu, hapo ndipo furaha inapungua. Kiduha cha kunde si kimoja. Kinagawanyika katika mbari zinazotambuliwa kwa kuangalia zinashambulia aina zipi za kunde na kushindwa kwa zipi. SG1 inajulikana kutoka Burkina Faso, SG2 Mali, SG3 Nigeria na Niger, na kuna nyingine. B301 ilizizuia mbari nyingi, lakini kiduha kilichokusanywa Zakpota nchini Benin, kinachoitwa SG4z, kiliivamia. Baadaye ikaonekana kwamba mbari hiyo hupeleka ndani ya mzizi protini iliyoitwa SHR4z, ambayo huzima ule mwitikio wa seli kujiua. Yaani mzizi una jeni yake na iko timamu, ila amri yake haitekelezwi.

Ambaye bado anaamini jeni moja inatosha atazame alizeti, ingawa si mkunde. Jeni Or1 hadi Or5 zilitumika dhidi ya mbari A hadi E za orobanke yake, kisha ikatokea mbari F iliyoishinda Or5, na mbio hizo zinaendelea. Sioni sababu ya kunde kusalimika ikiwa mistari yote inayosambazwa itabeba ukinzani wa asili moja.

#8 – MpandaMseto

Basi si afadhali kushambulia tatizo kwenye chanzo? Kama mbegu haiamki bila strigolaktoni, mmea usiotoa strigolaktoni utakuwa salama dhidi ya mbari zote. Siku hizi jeni huhaririwa kwa usahihi mkubwa.

#9 – MziziMrefu

Mkuu, wazo hilo si ndoto. Mwaka 2019 nyanya iliyohaririwa jeni ya CCD8, moja ya hatua za kutengeneza strigolaktoni, ilipunguza sana maambukizi ya orobanke. Na kwenye mikunde haikuhitajika hata kuhariri: fava aina za Quijote na Navio zilionyeshwa mwaka 2014 kuwa na mizizi inayotoa kemikali hizo kwa kiwango kidogo sana, na ukinzani wake ukagusa spishi tatu za orobanke na jamaa zake, yaani Orobanche crenata, Orobanche foetida inayosumbua Tunisia, na Phelipanche aegyptiaca. Kwa njegere, mstari ROR12 uliotokana na mbegu ya asili ya kusini mwa Italia ulielezwa mwaka 2016 kuwa na sifa ya aina hiyo hiyo. Kwa njegere hizo ni habari njema mno, kwa kuwa ukinzani mwingi ulikuwa ukitafutwa kwa jamaa zake wa porini kama Pisum fulvum, ambako huja ukiwa umefungamana na sifa zisizotakiwa.

Hata hivyo strigolaktoni hazikuwekwa kwenye mzizi kwa ajili ya kuita adui. Mwaka 2005 ilidhihirika kwamba ndizo zinazoamsha kuvu wa mikoriza wanaouletea mmea fosforasi, na mwaka 2008 ikaonekana pia kwamba ni homoni inayozuia machipukizi yasizidi. Mmea usiokuwa nazo kabisa huwa kichaka kifupi chenye matawi mengi. Kwenye mkunde kuna hesabu ya ziada, yaani vinundu vya bakteria wa nitrojeni, ambavyo navyo huguswa na homoni hizo. Kwa hiyo ninachokiunga mkono ni kupunguza au kubadili aina ya kemikali, si kuifuta, na kila mstari wa namna hiyo upimwe kwenye udongo wenye fosforasi kidogo kabla haujasifiwa.

Pia si salama dhidi ya mbari zote, kama ulivyosema. Mzizi unaotoa kemikali kidogo huamsha mbegu chache, na hizo chache zikifika zinapenya bila upinzani. Shamba likiwa na mbegu nyingi mno ardhini, hizo chache zinatosha. Ningeiweka sifa hii kwenye mmea mmoja na kizuizi cha kupenya, ili kila kinachopita ngazi ya kwanza kikutane na ya pili.

#10 – Hadubini

Ninakubaliana nawe, ila kuna ugumu ambao haujautaja. Ukishaweka sifa mbili kwenye mmea mmoja, ya kwanza huificha ya pili. Mzizi usioamsha mbegu hauwezi kukuonyesha kama una kizuizi. Sisi hulazimika kuziamsha mbegu kwa GR24 kwanza, ndipo tunaziweka kwenye mzizi, ili kizuizi kipimwe peke yake. Bila hatua hiyo, sifa ya pili inaweza kupotea kizazi baada ya kizazi na hakuna atakayejua.

#11 – PunjeMoja

Nawashukuru. Swali langu la mwisho ni la vitendo: mtu mwenye mistari mingi na fedha kidogo, asiye na maabara kama ya Dada Hadubini, aanzie wapi?

#12 – MziziMrefu

Aanzie kwenye vyungu, asikimbilie shamba. Udongo uchanganywe na uzito unaojulikana wa mbegu za kimelea, sawa kwa kila chungu, na kila mstari uwe pia na chungu kisichotiwa mbegu, kwani bila hicho hatajua kama mmea umedumaa kwa kunyonywa au ulizaliwa hivyo. Kwa kunde, mizizi ioshwe kati ya wiki ya sita na ya nane, vinundu vya kimelea (si vile vya bakteria wa nitrojeni) vihesabiwe pamoja na vilivyokufa, na mizizi yenyewe ikaushwe na kupimwa uzito. Idadi ya vinundu igawanywe kwa uzito huo. Hesabu hiyo pekee itawaengua wadanganyifu wengi wenye mizizi haba.

Wachache watakaobaki ndio waende shambani, na huko kila tuta la mstari lipakane na tuta la aina inayojulikana kushambuliwa. Maambukizi ya mstari yasomwe kwa kulinganishwa na ya jirani yake, wala si kwa wastani wa shamba zima, kwa sababu ya yale mabaka. Pale ambapo jirani naye ni safi, takwimu ya eneo hilo itupwe, hata kama inauma. Tarehe ya kutoa maua iandikwe kwa kila mstari, ili ule ulioponea kwa uwahi ujulikane kuwa uliwahi tu. Nao si wa kutupwa, bali uwekwe kwenye kundi lake.

Mbegu za kimelea zikusanywe kutoka maeneo zaidi ya moja, zitunzwe kando kwa kando bila kuchanganywa, na kila mkusanyiko upimwe kwenye vyungu vyake. Zisipelekwe kupimwa shambani mahali ambapo mbari hiyo haipo. Udongo wa vyungu usimwagwe nje baada ya jaribio. Upashwe joto kali kwanza hadi mbegu zife, na beseni za kuoshea mizizi zisafishwe kabla ya kushika mkusanyiko mwingine.